King'ora Kililia Nikiwa Msibani

Mwezi Machi, nikiwa Iringa kwenye msiba wa shangazi yangu, king'ora cha nyumba yangu ya Tabata kililia tangu saa saba usiku hadi alfajiri, kikinyamaza kidogo na kuanza tena, na mtaa mzima haukuwa na mtu mwenye ufunguo wangu wala namba ya siri ya kukizima. Niliporudi, jirani ninayepakana naye ukuta, mama mtu mzima anayemuuguza mumewe, hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, usiku ule baba hakupata usingizi kabisa." Niliingia kumwomba radhi mzee, kisha nikamwita fundi siku hiyohiyo.

Mwizi hakuwapo. Umeme ulikuwa umekatika, na betri ya akiba ya volti 12 ndani ya kisanduku kikuu ilikuwa imekwisha nguvu. King'ora cha nje kina betri yake ndogo, nacho kimeundwa kulia chenyewe kinapokosa umeme kutoka kwenye kisanduku, kwa sababu mwizi mzoefu huanza kwa kukata waya. Fundi alikuta pia mavi ya mjusi kwenye sensa ya sebuleni. Sensa ile huhisi joto linalosogea, na mjusi akitambaa juu ya kioo chake huweza kuiamsha kama mtu aliyeingia.

Nimesikia wenye nyumba wakimjibu anayelalamika kwamba aende akashitaki. Jibu hilo linaniudhi, si kwa sababu tu kelele zimo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, bali kwa sababu king'ora kinamwita jirani huyohuyo aje kutusaidia. Akishakichoka, siku ya mwizi hatatoka.

Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 2005 inaziruhusu halmashauri kutenga maeneo ambamo mwenye king'ora lazima ateue mtu wa karibu wa kutunza ufunguo. Nami nimemwachia mama yule ufunguo, pamoja na namba ya siri ya peke yake ambayo ninaweza kuifuta bila kugusa yangu. Betri ni mpya, sensa imehamishwa, na kisanduku kimepangwa kukizima king'ora baada ya dakika tano. Ninakijaribu mara moja kwa mwezi, Jumamosi saa nne asubuhi, baada ya kupita kwa majirani kuwaarifu, nikianzia chumbani kwa mzee.