Leo nimempeleka mama Ngomeni

Mamangu amezaliwa hapa hapa Mombasa, na miaka yote hupita nje ya ukuta wa Fort Jesus akielekea sokoni. Ndani hajawahi kuingia! Leo asubuhi nikamshika mkono tukaingia.

Mizinga hakuijali sana. Kilichomsimamisha ni ile michoro ya Wareno: meli zilizochorwa ukutani kwa makaa na udongo mwekundu. Alitazama kimya, kisha akaniambia, "Mwanangu, hawa walikuwa wanapakumbuka kwao." Nimeiona michoro ile mara nyingi, na sikuwahi kuifikiria hivyo.

Nilimweleza kuwa ngome ilianza kujengwa 1593, na Waomani wakaizingira tangu 1696 hadi 1698, waliomo ndani wakiisha kwa njaa na maradhi. Meli ya Santo António de Tanná, iliyokuja kuwasaidia, ilizama hapo chini mwaka 1697. Vitu vilivyoopolewa tumeviona. Waingereza nao waliifanya jela hadi 1958. Hapo mama alivuta pumzi tu.

Tumekunywa madafu nje ya lango, miguu inamuuma, lakini anauliza wajukuu tutawaleta lini.