Vifaranga 20 wa Isevya: yupi jogoo, yupi mtetea?

Siku ya 1
Wametotolewa usiku, wote 20. Kuna 9 wa mtetea wa mistari na 11 wa kishingo, yule mwenye shingo tupu. Baba yao ni mmoja, Singamagazi wangu mwekundu kama moto, wa aina yetu hii ya Tabora ambayo mitetea wake huwa na rangi ya nyuki. Nilimfungia pamoja na mitetea hao wawili wiki tatu kabla ya kuanza kuokota mayai, kwa sababu mbegu za jogoo aliyetangulia hudumu ndani ya mtetea wiki mbili hadi tatu. Bila subira hiyo, chochote nitakachoandika hapa kuhusu ukoo wao kingekuwa cha kubahatisha.

Sababu ya kazi hii ni moja. Mwaka jana nilimuuzia mama jirani vifaranga 5 nikimhakikishia kuwa ni mitetea. Watatu wakawika. Fedha nilimrudishia, lakini pumba na dagaa aliowalisha miezi yote ile sikuweza kumrudishia.

Kwa watoto wa kishingo, ukoo unaonekana hata kabla hawajakauka vizuri: 6 wana shingo tupu, 5 wamefunikwa. Kinasaba cha shingo tupu kina nguvu, kikitoka kwa mzazi mmoja tu kinajionyesha. Mama angekuwa nacho mara mbili, wote 11 wangetoka hivyo. Anacho mara moja, ndiyo maana ana kishada cha manyoya mbele ya shingo, na wanawe 6 wanacho vilevile. Ila shingo hainiambii lolote kuhusu jinsia.

Watoto wa mtetea wa mistari wote ni weusi. Wanne wana doa jeupe utosini, 5 hawana. Hapa moyo ulinidunda, maana ndicho nilichokuwa nakitafuta. Wa doa nimewafunga uzi mweupe mguuni, wasio na doa uzi mwekundu.

Siku ya 2
Nimewakunjua mabawa wale 11 wa kishingo. Kuna wanaosema manyoya marefu ya bawa yakizidi yale mafupi yanayoyafunika, huyo ni jike. Yakilingana, ni dume. Nimeandika makisio yangu yote daftarini.

Bibi wa nyumba ya pili amepita akanikuta. "Mjukuu wangu, unamtesa mtoto wa siku mbili kwa nini? Ngoja apate miguu, utamjua."
"Nataka kujua mapema, Bibi."
"Basi andika. Mimi nitakuja wakishaota manyoya."

Wiki ya 3
Mwewe kachukua mmoja wa uzi mwekundu. Nimefunika uwanja kwa wavu wa zamani wa samaki.

Wiki ya 6
Bibi amekuja kama alivyoahidi. Hakumshika hata kifaranga mmoja. Alikaa kwenye kigoda akawatazama wakila, kisha akaanza kunionyesha: huyu kilemba kimeshaanza kuwa chekundu, miguu minene, anasimama kifua mbele, huyu kilemba bado kimepauka, mkia umeota mapema, mpole. Niliandika aliyoyasema pembeni ya makisio yangu ya mabawa.

Wiki ya 12
Sasa hakuna ubishi. Pora wana manyoya yaliyochongoka mgongoni karibu na mkia, mitetea wana ya mviringo. Katika wale 11 wa kishingo, mabawa yalinipa 5 sahihi. Ningerusha shilingi ningepata hayohayo. Njia ya mabawa hufaa kwa vifaranga ambao wazazi wao walichaguliwa makusudi, baba wa ukoo unaoota manyoya haraka na mama wa ukoo unaochelewa. Kienyeji wetu hawajapangwa hivyo. Bibi alipata 10.

Na wale wa nyuzi? Wote 8 waliobaki ni sahihi. Wa doa ni pora 4 wenye mistari, wasio na doa ni mitetea 4 weusi wenye wekundu kidogo shingoni. Kinasaba cha mistari kimekaa kwenye kromosomu Z, moja ya zile zinazoamua jinsia. Jogoo ana Z mbili, mtetea ana Z moja na W. Kwa hiyo mama wa mistari humpa Z yake mwanawe wa kiume tu. Binti huchukua Z ya baba, ambaye hana mistari. Ukigeuza, baba akawa wa mistari safi na mama mwekundu, watoto wote watatoka na doa na hutabagua kitu.

Ndiyo maana mabinti hawa weusi, wazuri kama walivyo, hawawezi kunirudishia kazi hii. Hawana mistari ya kurithisha. Nimekataa 25,000 ya mama yao jana sokoni. Leo ana mayai 12 chini yake, na wawili kati ya mabinti wale nimempelekea mama jirani.