Linki ikikatika alfajiri, usipande mlingotini

Mvua hulaumiwa bure. Kwenye linki ya 5.8 GHz (madishi mawili yanayopeana data kwa redio) kutoka Upper Hill, Nairobi, hadi Kitengela, kama kilomita 25 juu ya mbuga, kinachosumbua zaidi ni alfajiri tulivu yenye anga safi, kati ya saa kumi na moja na saa mbili asubuhi. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuitazamia.

Wimbi la redio halinyooki kama kamba. Hewa ya chini ni nzito na ina mvuke mwingi kuliko ya juu, kwa hiyo wimbi hupindia ardhini kidogo kidogo. Ile 4/3 iliyo kwenye programu za kupangia linki ndiyo kipimo cha mpindo huo hewa ikiwa ya kawaida.

Usiku usio na mawingu wala upepo, mambo hugeuka. Ardhi ya mbuga hupoteza joto upesi, hewa iliyoilalia hupoa, na ya juu yake hubaki na joto zaidi. Tabaka hilo hupindisha sehemu ya wimbi, ikafika kwa njia nyingine, imechelewa. Wimbi la 5.8 GHz lina urefu wa sentimita 5.2 hivi. Njia mbili zikipishana kwa sentimita 2.6 tu katika safari yote hiyo ya kilomita 25, mawimbi yanafutana. Ndiyo maana utaona -70 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; ikishuka, mawimbi ni dhaifu zaidi) ikishuka hadi -85, ikipanda, ikishuka tena, na dishi halijaguswa.

Sasa fundi anaamshwa saa moja asubuhi. Anapanda, analegeza boliti, anazungusha dishi mpaka namba zipendeze, anakaza. Amelilenga tabaka la hewa! Jua likishapanda, hewa inachanganyika, tabaka linatoweka, na linki inabaki dhaifu mchana kutwa. Lenga dishi kati ya saa sita na saa tisa mchana, basi. Asubuhi kazi yako ni kurekodi namba kila dakika.

Dawa yenyewe huanzia kwenye mahesabu. Kwa kilomita 25, upotevu wa njia, yaani nguvu inayopotea safarini, ni desibeli 135.7. Ukitoa 6 dBm kwa madishi ya 30 dBi (kipimo cha jinsi dishi linavyoelekeza nguvu upande mmoja) pande zote mbili, unapokea karibu -70. Kama redio yako inahitaji -75 kwa kasi uliyomuahidi mteja, akiba ni desibeli 5, na hiyo ni kidogo mno kwa njia hii. Tafuta angalau 20: punguza upana wa chaneli, shusha kasi, au weka kituo cha kati. Kuongeza nguvu nako huongeza akiba, ila hakuondoi kufutana kwenyewe, maana mawimbi yote mawili yanakua pamoja (na masharti ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya yapo). Antena ya pili ya kupokelea, mita kadhaa chini ya ya kwanza kwenye mlingoti uleule, husaidia sana: mara nyingi moja ikizama nyingine iko hai.

Kuuona mlingoti wa pili kwa darubini pia si ushahidi kwamba njia iko wazi. Katikati ya njia, mviringo wa dunia unakula mita 9 hewa ikiwa ya kawaida, na mita 18 mpindo ukigeukia juu. Ongeza mita 11 za nafasi tupu kuzunguka wimbi. Miti hukua, na Kitengela maghorofa yanaota kila mwaka.

Na mvua? Kwa 5.8 GHz, mvua ya milimita 50 kwa saa inakula chini ya nusu desibeli kila kilomita. Kwa 23 GHz ni takribani desibeli 7, kwa hiyo huko masika ni ya kuogopwa kweli. Ila linki ya 5.8 ikibaki chini saa nyingi baada ya mvua kuisha, acha kutazama angani. Mara nyingi maji yameingia kwenye kiungio cha kebo. Kifungue, ukikuta shaba imegeuka kijani kikate, ufunge kipya kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, ukianzia chini kwenda juu, na uache kebo ining'inie kitanzi ili maji yadondokee hapo.