Kumbe fundi anajua

Alhamisi usiku. Umeme umerudi saa tatu. Kila mtu hapa nyumbani amekimbilia chaja, mimi nimekimbilia kuandika.

Wiki hii Yaya amejifungua mapacha, mwenye kiwanja ametangaza kwamba anauza sehemu ya nyuma ya garaji, na mvua imeshika Lubumbashi nzima kwa kweli. Hayo yatapata siku yake. Kinachoninyima usingizi ni maneno matatu aliyoyasema dereva wa trekta Jumanne, huku akijifuta mikono kwa kipande cha kitenge, bila kuniangalia.

"Kumbe fundi anajua."

Mnamkumbuka Mama wa njia ya Kipushi, yule mwenye mahindi na kuku, aliyewahi kunilipa kwa trei za mayai. Trekta lake ni Massey Ferguson la zamani sana, rangi nyekundu imebaki kwenye boneti tu. Jumatatu asubuhi liliingia garaji likivutwa na lori la mchanga. Kile kipande kinachoshika minyororo ya kuzuia mikono ya jembe isiyumbe kilikuwa kinaning'inia kwa bolti moja badala ya mbili. Tundu la pili, ubavuni mwa gamba la ekseli ya nyuma, lilikuwa limekwisha. Hesi zote, ile mifereji ya mzunguko inayoshika bolti, zimeliwa, mdomo umemegeka upande mmoja, na bolti imekaa humo inacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

Niliichomoa kwa vidole. Ikaja na unga mweusi, ikaja na washa yake, kile kipete cha chuma kinachokaa chini ya kichwa cha bolti.

Washa ile ni nene, karibu milimita tano, na ukingo wake mmoja ni bapa, kwa sababu kipande cha chuma nilichokikereza hakikutosha kutoa duara kamili. Ndiyo, nilichokikereza mimi. Mwezi wa tatu, siku ile ya kilio cha mkwe, watu wakiwa wananisubiri garini na kupiga honi. Bolti ya asili ilikuwa imepotelea shambani. Nikatia mkono kwenye ndoo ya bolti, nikatoa iliyofanana nayo. Mizunguko miwili ikaingia kwa vidole. Wa tatu ikagoma. Nikasema ni kutu, nikavika spana bomba la urefu wa mkono, nikakaza mpaka ikanyamaza.

Haikuwa kutu. Trekta lile lilizaliwa kwa inchi. Bolti yake ni ya tano kwa nane, maana yake milimita 15.875, na ina hesi 11 katika kila inchi. Ile ya ndoo ilikuwa ya milimita 16, ambayo hesi zake zimeachana kwa milimita 2 kamili. Zishike mkononi, utasema ni mapacha wa Yaya. Lakini hesi za ile ya inchi zimeachana kwa karibu milimita 2.31. Mzunguko wa kwanza tofauti ni theluthi ya milimita, chuma kinavumilia. Wa tatu imeshakaribia milimita nzima, na hapo lazima mmoja aumie. Bolti ni feleji. Gamba ni chuma cha kusubu, fonti kama tunavyosema garaji. Mnajua aliyeumia.

Sasa sikilizeni. Mama akainama, akalitazama tundu, akaniuliza, "Papa fundi, ni nani aliharibishaka hivi?"

Washa ilikuwa tayari mfukoni mwangu. Nikajibu, "Mama, hii ni bolti ya milimita, na tundu ni la inchi. Walilazimisha."

Walilazimisha! Hiyo *wa* nimeitafuna tangu Jumatatu. Mengine yote niliyosema ni kweli tupu, ila hiyo silabi moja. Hata ningesema "ililazimishwa" ningekuwa nalala angalau mpaka saa tisa.

Mama akamgeukia dereva. "Unaona? Wewe na haraka zako." Dereva ni mtu wa umri wa baba yangu mdogo. Hakujibu. Akaangalia nje, mvua inavyopiga bati la jirani. Na siku ile ya mwezi wa tatu, wakati umeme umekatika, ni yeye aliyenishikia tochi.

Basi, nikafanya kazi. Jirani yangu wa kuchomelea alikuja na ushauri wake wa siku zote, kwamba tujaze tundu kwa moto, tutoboe upya, saa moja tumemaliza. Nilimkatalia. Fonti ina kaboni ya asilimia mbili mpaka nne, si chuma cha geti. Ukiichoma sehemu moja ikapoa haraka, pale pembeni mwa moto panakuwa pagumu kama kioo, keekee inateleza juu yake inalia, halafu ukikaza bolti unasikia *ta!* na ufa umeondoka na gamba zima. Inawezekana kuichomelea, kwa vijiti vya nikeli, kwa kuipasha moto kwanza na kuiacha ipoe polepole ndani ya majivu. Lakini gamba la ekseli likiwa bado na trekta lake juu? Hapana.

Nikaamua kulivalisha tundu kikombe, yaani kipande cha feleji chenye hesi nje na ndani. Nje milimita 24, ndani tano kwa nane ya inchi, kama lilivyozaliwa. Cha nje nilikuwa na uwezo nacho. Cha ndani ilibidi nivuke maji mpaka Kamalondo kwa mzee mmoja mstaafu wa migodi, mwenye taro za inchi, vile vyuma vya kukatia hesi ndani ya tundu, zilizofungwa kwenye gazeti lenye mafuta, tatu tatu kwa kila kipimo, ya kwanza, ya pili na ya kumalizia. Hazikopeshi kwa kila mtu. Aliniuliza mara mbili kama ni fonti au ni feleji, ndipo akazifungua.

Na hapa niseme ukweli mwingine. Nilifurahi. Jumatatu mchana ile nilisahau kila kitu. Nilifunga sahani nene ya chuma kwenye tundu zima lililobaki, nikaitoboa shimo la kuongozea, ili keekee isipinde hata ikitaka. Nikazungushia kamba ya gundi nyekundu kwenye ncha kuonyesha kina, maana lile tundu halitokei upande wa pili. Ukipitiliza, oili ya gia inakuja kukusalimia. Nikatoboa kwa hatua, 18, 20, mwisho 22. Halafu taro. Fonti haitaki mafuta unapokata hesi. Haitoi nyuzi ndefu zinazong'aa kama feleji, inatoa unga, na unga wenyewe ni mweusi kwa sababu ndani yake mna grafiti, ile ile ya penseli. Nilipaka grisi kidogo kwenye mifereji ya taro ili ushike unga. Zungusha, rudisha nusu, zungusha. Mikono inajua. Ukiwa umekata vizuri unasikia ukimya fulani kwenye mpini, kama mtoto anayenyonya akakaribia kulala. Mke wangu aliniletea bukari na sombe, yaani ugali na majani ya muhogo, saa nane. Nilizikuta saa kumi na moja, nzi wamenitangulia.

Kikombe kilishuka kwa vidole mpaka chini, milimita 30 nzima za hesi. Nikatia gundi ya hesi, nikatoboa kitundu cha milimita nne pale kikombe kinapokutana na gamba, nusu huku nusu kule, nikapigilia pini kisije kikazunguka. Nikapiga tupa, sawa na uso wa gamba. Pita kidole, husikii mpaka.

Jumanne nilifunga bolti mpya ya inchi, ile sahihi. Iliingia kwa vidole mizunguko yote, mpaka kichwa kikagusa. Dereva alikuwa amesimama nyuma yangu. Alichukua spana kutoka mkononi mwangu, taratibu, bila kuomba, akakaza mwenyewe, akajaribu tena kidogo, akasikia haiendi. Ndipo akajifuta mikono.

"Kumbe fundi anajua."

Anajua kazi? Au anajua aliyeharibu? Nimelisema neno hili kwa sauti zote. Nikilipandisha mwishoni linakuwa sifa. Nikilishusha linakuwa hukumu. Na kwa nini *anajua*, si *unajua*, wakati nimesimama hapo, hatua moja? Alikuwa anaambia nani? Trekta? Mke wangu anasema wazee wa huku wanaongea hivyo, nisijitafutie maradhi. Lakini yeye hakuona ile tochi.

Kibaya zaidi, kwa kuona haya nilipunguza bei. Niliomba nusu. Mama akanishika mikono miwili, akasema hajawahi kuona fundi mwenye huruma namna hii, Mungu aniongezee, si kama hao wanaoharibu vitu vya watu wakakimbia. Dereva alikuwa ameshapanda, anawasha injini. Moshi ulinipiga usoni nikaupokea.

Jana nilimpigia Mama simu ili nimwambie. Nilikuwa nimeshapanga sentensi, inaanzia kwenye ndoo na kilio cha mkwe. Akapokea kwa furaha, "Papa fundi! Inalima! Heka mbili tangu asubuhi!" Nikasikia trekta kwa nyuma. Nikaishia kuagiza trei moja ya mayai. Yataletwa Jumamosi, na anayeleta mayai mjini ni nani? Ni yule yule dereva. Washa iko hapa mezani, pembeni ya simu. Ile sehemu bapa inaonekana vizuri sana kwenye taa.

Kuna kitu kingine, sijamwambia mtu. Juzi jioni kitindamimba wetu alikuwa amekaa kizingitini anamenya embe. Nilikuwa nyuma yake, upande wa kushoto, nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita tena, nikapiga na kofi. Mara ya tatu dada yake akamgusa bega, ndipo akaruka akacheka, akasema hakusikia kwa sababu ya mvua. Mvua ilikuwa imekatika tangu adhuhuri. Leo asubuhi nilisimama tena pale pale nikamwita polepole, hakugeuka. Kesho, kabla hajaenda shule, nitasimama upande wa kulia.