Asilimia 3 Inayouma Kuliko 30

Kila bajeti ikisomwa mwezi Juni, vijiwe vya Mtwara vinarudi kwenye ubishi ule ule: kodi ya asilimia 30 ni halali au ni unyonyaji? Anayetetea anataja barabara na zahanati, anayepinga anataja mashangingi. Mara chache mtu anauliza asilimia 30 ya kitu gani.

Tuanze na mwenye mshahara, maana huyo hana pa kujificha. Chukua mwalimu wa Newala mwenye mshahara ghafi wa 800,000 kwa mwezi. Kwanza PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, inachukua asilimia 5, yaani 40,000, na hiyo haitozwi kodi. Inabaki 760,000. Kwa jedwali la PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, lililoanza Julai 2021, 270,000 ya kwanza haiguswi. Kutoka hapo hadi 520,000 anatozwa asilimia 8, sawa na 20,000. Kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20, sawa na 48,000. Jumla 68,000, yaani asilimia 8.5 ya mshahara ghafi. Hiyo 30 hajaisogelea: kabla yake kuna ngazi ya asilimia 25 hadi milioni 1, ndipo kila kinachozidi milioni kinakatwa 30.

Wapo wanaoogopa nyongeza ya mshahara eti itawavusha daraja wabaki na pungufu ya walichokuwa nacho. Kwa PAYE hilo haliwezekani, kwa sababu kiwango kipya kinagusa kilichozidi tu. Kinachouma ni makato kupangana. Mwongezee mwalimu huyo 100,000: PSSSF 5,000, PAYE 23,750, bima ya afya ya NHIF 3,000, na kama ana mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, 15,000 nyingine. Mkononi inafika 53,250. Akilalamika, analalamika kwa haki, ila lawama zote zisiende TRA, mamlaka ya mapato.

Kasoro ya jedwali ni umbo lake. Ukivuka 520,000 unaruka kutoka asilimia 8 hadi 20 kwa mkupuo, halafu juu ya milioni 1 hakuna ngazi tena. Mwenye pato la milioni 5 kwa mwezi baada ya mchango wa hifadhi analipa 1,328,000, kama asilimia 26.6. Wa milioni 20 analipa 5,828,000, asilimia 29.1. Kwa wadogo ni mlima, kwa wakubwa ni uwanda. Kenya iliongeza ngazi za asilimia 32.5 na 35 mwaka 2023 kwa mishahara mikubwa, na Uganda inafika 40 kwa anayevuka shilingi zao milioni 10 kwa mwezi.

Mimi ningesogeza ngazi ya asilimia 8 hadi 760,000 na kuweka asilimia 35 juu ya milioni 10. Mwalimu wetu angeokoa 28,800 kila mwezi. Wa milioni 20 angeongeza 500,000, lakini naye anafaidi ile 28,800, kwa hiyo nyongeza yake halisi ni 471,200. Inatosha kulipia nafuu ya walimu 16. Ugumu ni kwamba kwa kila mmoja wa milioni 20 tuna walimu wengi kuliko 16, hivyo hazina ingebaki na pengo. Anayeahidi kwamba matajiri peke yao watalifunika, mwombe kikokotoo.

Halafu kuna suala la ngazi kukaa pale pale huku mishahara ikipanda. Mipaka ya 270,000, 520,000 na 760,000 iliwekwa 2020. Kima cha chini serikalini kilipopanda kutoka 370,000 hadi 500,000 Julai 2025, PAYE ya wa kima hicho ilitoka 6,520 hadi 16,400. Mshahara umepanda asilimia 35, kodi imezidi mara mbili na nusu.

Sasa njoo dukani, ambako ubishi wa asilimia 30 haufiki kabisa. Mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo kati ya milioni 11 na 100 kwa mwaka anatozwa asilimia 3.5 ya mauzo. Masikioni inasikika ndogo. Duka la jumla na rejareja la Lindi lenye mauzo ya milioni 60, linalouza sukari, unga na mafuta ya kula, linadaiwa 2,100,000. Kama faida baada ya pango, umeme na kijana wa duka ni milioni 6, hiyo kodi ni asilimia 35 ya faida. Ikiwa faida ni milioni 3, ni asilimia 70. Jirani mwenye saluni kubwa yenye mauzo hayo hayo na faida ya milioni 30 analipa 2,100,000 vile vile, asilimia 7. Hapo ndipo haki inapoharibika, wala hakuna anayepiga kelele.

Sheria inampa mwenye duka mlango mwingine: kukataa mfumo huo wa mauzo na kutozwa kwa faida, kwa viwango vya watu binafsi. Faida ya milioni 6 kwa mwaka ingetozwa 220,800 tu. Ila mlango huo una kizingiti. Unahitaji daftari la mauzo ya kila siku, risiti za manunuzi za mashine ya EFD zenye TIN yako (namba ya mlipakodi), mkataba wa pango, karatasi za mishahara, na hesabu ya mzigo uliobaki dukani mwaka unapofunga. Makadirio ya kodi yanapelekwa ifikapo tarehe 31 Machi, malipo ni awamu nne (mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba), na ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka mzima, inafuata ifikapo 30 Juni mwaka unaofuata.

Wengi wanakwama kwenye manunuzi. Unafika Kariakoo, muuzaji anakupa bei mbili, ya risiti na isiyo na risiti, nawe unachukua ya pili. Mwisho wa mwaka umenunua na kutumia milioni 54 lakini risiti zilizopo ni za milioni 40. Kwenye karatasi faida yako ni milioni 20, na kodi yake ni 3,936,000. Bora ungebaki na asilimia 3.5 yako.

Mkulima wa korosho yuko pabaya zaidi, ingawa anachokatwa si kodi ya mapato. Ushuru wa mazao wa halmashauri ni asilimia 3 ya bei ya shambani, tangu uliposhushwa kutoka 5 mwaka 2017. Kisheria anayelipa ni mnunuzi, lakini mnunuzi mnadani anaupigia hesabu kabla ya kuandika bei kwenye zabuni. Kwa mfano, tani 2 kwa 3,000 kwa kilo ni milioni 6, ushuru 180,000. Mwaka ambao salfa ya kupulizia mikorosho, palizi na vibarua vimekula milioni 2, hiyo ni asilimia 4.5 ya faida ya milioni 4. Mwaka ambao ugonjwa wa ubwiriunga umemlazimu kurudia kupuliza na gharama ikafika milioni 5.5, faida ni 500,000 na ushuru ni asilimia 36 yake.

Kumtoza mkulima kwa faida hakuwezekani. Hakuna atakayekagua daftari la kila shamba Tandahimba. Kinachowezekana ni kuusamehe ushuru kwa kilo mia kadhaa za kwanza za kila mkulima, kama PAYE inavyosamehe 270,000. AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, inamjua kila mkulima kwa jina na kilo zake, na mzigo wote unapita ghalani. Upungufu ungeangukia halmashauri zinazoishi kwa korosho, kwa hiyo zenyewe ndizo zitakuwa za kwanza kupinga.