Cheti cha Mkandarasi na Nyumba Yangu ya Isyesye

Kiwanja changu kipo Isyesye, jijini Mbeya, kwenye mteremko unaopitiwa na maji ya mvua kila mwaka kuanzia Novemba. Nilianza kujenga mwezi Agosti nikiwa na hesabu moja tu kichwani: boma lisimame na lipauliwe kabla mvua hazijaanza, kwa kuwa ukuta wa tofali za kuchoma usio na paa hunyonya maji msimu mzima, na msimu wetu huku ni mrefu, huenda hadi Aprili na pengine Mei. Haraka hiyo ndiyo iliyoniponza. Ninaandika haya ili mwenzangu anayejiandaa kujenga asimtafute mkandarasi kwa namna niliyomtafuta mimi.

Bwana niliyempa kazi aliletwa na ndugu yangu wa karibu. Alikuja na ramani kwapani na nakala ya cheti cha usajili iliyotiwa ndani ya plastiki. Nilipoona jina na nembo ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi, moyo wangu ulitulia, wala sikusoma mistari iliyofuata. Laiti ningeisoma, ningegundua kwamba jina la kampuni iliyosajiliwa halikuwa lile lililoandikwa kwenye mkataba wetu wa kurasa mbili, na kwamba usajili wenyewe ulikuwa wa kazi za barabara, mifereji na madaraja, si wa majengo.

Bodi hiyo iliundwa kwa Sheria ya Usajili wa Makandarasi, Na. 17 ya mwaka 1997, inayomtaka kila anayefanya biashara ya ukandarasi awe amesajiliwa. Watu wengi hudhani kwamba mtu akisajiliwa amesajiliwa kwa kila kazi, kumbe usajili hutolewa kwa aina ya kazi: wapo wa majengo, wa kazi za kiraia kama barabara na madaraja, wa umeme, wa mitambo, na wa kazi maalumu. Kwa makandarasi wa majengo yapo madaraja saba ya usajili, yaani ngazi, na kila daraja lina ukomo wa thamani ya kazi moja ambayo kampuni inaruhusiwa kuichukua, isipokuwa daraja la kwanza lisilo na ukomo. Mkandarasi hulipa ada kila mwaka, na asiyelipa hufutwa, kwa hiyo cheti cha miaka mitatu iliyopita hakikuambii lolote kuhusu leo. Uzuri ni kwamba hatuhitaji kusafiri hadi Dodoma ili kuuliza, maana Bodi ina ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya, na mtu akifika na jina la kampuni anaweza kujua kama imo katika orodha, kwa aina gani na daraja gani.

Jambo la jina ndilo ninalotaka lieleweke kuliko yote. Kampuni haipewi daraja kwa sababu ya jina zuri, bali kwa sababu ina mtaalamu mwenye sifa anayewajibika kiufundi, pamoja na vifaa na uwezo wa fedha. Cheti kinapoazimwa, yule mtaalamu haji nacho. Kinachokuja saitini ni karatasi tu, na nyuma ya karatasi hiyo anasimama mtu ambaye hakuna aliyewahi kupima ujuzi wake. Likitokea tatizo, mwenye cheti atasema hajawahi kusaini mkataba nawe, na aliyesaini hana usajili wowote wa kupoteza. Bodi huwaadhibu makandarasi wanaoruhusu vyeti vyao vitumiwe na wengine, lakini adhabu hiyo haikurudishii saruji iliyokwisha kumwagwa.

Kwangu tatizo lilijitokeza kwenye lenta, yaani mkanda wa zege unaozunguka nyumba juu ya milango na madirisha. Nilikuwa nimelipa asilimia sitini ya fedha zote mwanzoni, kwa maelezo kwamba bei ya saruji ingepanda, hivyo nilipoanza kutilia shaka kazi sikuwa na sauti tena. Mchoro wa mhandisi ulitaka ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozishika nondo pamoja, zifungwe kila sentimita 20, nami nilipopima kwa futi yangu nilikuta nafasi za sentimita 40 na zaidi. Nilipouliza nilijibiwa, "Mwalimu, usiwe na wasiwasi, sisi huku ndivyo tunavyojenga." Zege lilimwagwa siku iliyofuata nikiwa shuleni, na mbao zilizolishikilia zilitolewa mapema mno. Usiku wa Juni na Julai hapa baridi hushuka chini ya nyuzi 10, na hata Agosti ubaridi wa usiku haujaisha. Zege hukomaa polepole katika baridi, kwa hiyo fundi anayejua kazi huwa na subira na mbao zake, tena hulimwagilia maji bila kukosa. Kufikia Oktoba nyufa zilikuwa zimeanza juu ya madirisha mawili, na simu ya yule bwana ikawa haipokelewi.

Wapo walioniambia kwamba nyufa za lenta ni jambo dogo. Kwa mji wetu silikubali hilo. Mbeya imekaa ndani ya Bonde la Ufa, na Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko lenye ukubwa wa takriban 7.4, mojawapo ya makubwa zaidi yaliyowahi kurekodiwa Afrika. Mkanda wa zege unaozunguka nyumba ndio unaozishika kuta zisiachane ardhi inapotikisika, na mkanda usio na ringi za kutosha hauwezi kazi hiyo.

Lenta ilivunjwa. Safari ya pili nilianza kwa mhandisi aliyesajiliwa, nikamlipa aje kukagua hatua nne: msingi kabla ya kufukiwa, nondo za jamvi (zege la sakafu), nondo za lenta, na kenchi (fremu za mbao za paa) kabla ya bati. Malipo yake yalikuwa sehemu ndogo sana ya hasara niliyokwisha kuipata. Baada ya hapo nilikwenda kuulizia makandarasi watatu wa majengo. Sikuishia kwenye vyeti; niliomba kupelekwa kwenye nyumba walizomaliza angalau miaka miwili nyuma, nikazungumza na wenye nyumba hao bila mkandarasi kuwepo. Mama mmoja wa Uyole alinionyesha jinsi maji yanavyotoka vizuri kwenye msingi wake wakati wa mvua, na maelezo yake yalinifaa kuliko picha zote nilizotumiwa kwa simu. Nilimchagua yule ambaye mkurugenzi wake wa kiufundi alifika kiwanjani mwenyewe na kuniuliza kuhusu udongo kabla ya kuniuliza kuhusu fedha.

Hapa niseme neno kuhusu mafundi, kwa sababu sipendi mtu asome haya akadhani ninawadharau. Nyumba nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe zimejengwa na mafundi wanaolipwa ufundi tu huku mwenye nyumba akinunua vifaa mwenyewe, na wengi wao wana mikono safi kuliko kampuni kadhaa zenye mabango. Serikali nayo, kupitia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, imekuwa ikirasimisha ujuzi wa waliojifunzia kazini, na fundi mwenye cheti cha namna hiyo anastahili kuthaminiwa. Kwa nyumba ya chini iliyo kwenye ardhi tambarare, fundi mzuri anayefuata mchoro na kukaguliwa na mhandisi huniridhisha kabisa. Wasiwasi wangu ni kwa mtu anayetoza bei ya mkandarasi, akajiita mkandarasi, ilhali si mkandarasi wala si fundi. Na kwa nyumba ya ghorofa, au iliyo kwenye mteremko unaohitaji ukuta wa kuzuia udongo, sitaki kusikia habari ya kubana matumizi. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36.

Mkataba wa pili ulikuwa na kurasa kumi na moja, na niliusoma kila ukurasa. Uliambatanishwa na michoro pamoja na kibali cha ujenzi cha Halmashauri ya Jiji, ukataja mchanganuo wa kila kifaa na bei yake, na ukaeleza kwamba malipo yangefuata hatua iliyokamilika na kukaguliwa, si tarehe. Malipo ya awali yalikuwa asilimia kumi na tano tu. Katika kila malipo nilizuia asilimia kumi: nusu yake ingetolewa nyumba inapokabidhiwa, na nusu nyingine baada ya kipindi cha matazamio cha miezi kumi na miwili, ambacho mkandarasi hurekebisha kasoro zinazojitokeza. Mkandarasi alisita kidogo kuhusu kipengele hicho, akaomba iwe miezi sita. Nilimwomba radhi, nikakataa, kwa kuwa nyumba ya Mbeya haijajaribiwa mpaka ipitiwe na msimu mzima wa mvua. Alikubali.

Nilikabidhiwa funguo mwezi Juni. Mvua za kwanza zilipokuja, maji yalipenya kwenye kona ya bati juu ya jiko, na sakafu ya baraza ikatitia kidogo upande wa bondeni. Nilimwandikia mkandarasi barua, akaja mwenyewe pamoja na fundi bati na waashi wawili. Walifumua sehemu ya baraza, wakashindilia upya na kumwaga zege, kazi ya siku nne ambayo sikuilipia chochote. Juni iliyofuata mhandisi alizunguka nyumba nzima na tochi yake, akapima juu ya kila dirisha, akasaini. Alasiri hiyo hiyo nilikwenda benki ya Mwanjelwa kumwekea mkandarasi fedha zake zilizobaki.