Betri mpya, mwizi yule yule

Jumamosi. Gari la marehemu babu limegoma tena. Nimezungusha ufunguo, starta ikalia "tik" moja, kimya. Na betri ni mpya, haijamaliza miezi miwili! Ile ya kwanza niliiuza kwa mnunuzi wa vyuma bila hata kuipima. Ilikuwa na miaka minne, na joto la Mombasa hukausha maji ya betri na kula sahani za risasi upesi, basi nikaona imeshakula chumvi nyingi.

Leo nimeipima hii: volti 11.8. Ikijaa vizuri huwa 12.6. Ami wa nyumba ya pili ameniazima waya, tukajampu kwa gari lake. Injini ikinguruma, mita inasoma 14.1, kwa hiyo altaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, haina neno na mkanda haujalegea. Temino, vile vichwa vya betri vya kufungia waya, zilikuwa zimeota unga wa kijani. Nimezisugua kwa maji moto na mswaki mkuukuu, nikapaka grisi. Likoni huku, upepo wa bahari hauachi chuma salama.

Jumapili. Nimechomoa waya wa hasi, nikaunganisha mita hapo katikati, nikafunga milango, nikangoja nusu saa. Umeme unaovuja: ampea 0.43. Gari lililolala halifai kuzidi 0.05. Nikaanza kung'oa fyuzi moja moja. Ya redio, wapi. Ya honi, wapi. Ya taa za ndani: ikashuka hadi 0.02. Lakini taa za ndani zote zimezimika, naziona kwa macho!

Mama akaja na chai. "Mwanangu, na huko nyuma hakuna taa?"

Nikawasha kamera ya simu, nikaitia ndani ya buti, nikafunga. Video yote nyeupe pe! Kiswichi cha kuzima taa ya buti kimeganda kwa rangi niliyopuliza mwenyewe mwezi wa Machi. Kiglopu cha wati 5 tu, lakini ni kama ampea-saa 10 kila siku, na betri yangu yote ni ya ampea-saa 45. Jumatatu hadi Ijumaa mimi navuka feri kwa miguu, gari limekaa uani. Kumbe betri ya kwanza huenda nilimsingizia mzee wa watu.

Jumatatu alfajiri. Imechajiwa polepole usiku kucha, 12.5. Ikiachwa tupu salfeti hugandamana kwenye sahani, na naona hii imeshaumia kidogo. Kiglopu nimekitoa. Wiki ijayo, breki za nyuma.